SOMO LA IJUMAA: HASARA HAIVUNJI SHURA
Mafunzo ya Uhud kwa komite zetu na mikutano yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote.



Leo tunataka kusoma jambo ambalo tunalifanya kila juma na pengine hatujawahi kulisomea, nalo ni mkutano. Tuna komite ya msikiti, komite ya madrasa, chama cha akina mama, kikundi cha vijana, likelemba, sanduku la matanga. Kote huko watu wanakaa, wanazungumza na kukata shauri. Tumesomeshwa udhu tangu utoto, tumesomeshwa nguzo za Swala na mambo yanayoibatilisha. Lakini wachache kati yetu wamesomeshwa namna ya kukaa na ndugu zao mpaka wakatoka na neno moja.

Tuseme komite moja iliita watu baada ya Swala ya Ijumaa. Wakakubaliana kununua kiwanja cha kujenga madrasa, kwa dola elfu moja iliyochangwa kidogo kidogo. Makuta yakalipwa. Baada ya miezi miwili akatokea mtu wa pili na karatasi zake, kumbe kiwanja kimeuzwa mara mbili. Makuta yamekwenda na kiwanja hakuna.

Sasa sikiliza maneno yatakayosemwa. Prezida wa komite atasema: mmeona, watu wengi ni maneno mengi, tangu leo nitaamua mwenyewe. Wale waliokataa kiwanja tangu mwanzo watasema: tuliwaambia, hamkutusikia, basi hatutoi mchango tena. Na wale walioshangilia watanyamaza, kila mmoja akimtazama mwenzake. Ukipita mwaka, utakuta msikiti mmoja una komite mbili, na watu wanaopakana kwa kuta hawapeani salamu.

Swali la somo letu ni hili: shauri lililokatwa na watu wote likileta hasara, je, tuache kushauriana? Jibu lake halitoki kichwani mwa imamu. Lipo katika Qur'ani na katika sira ya Mtume (s.a.w.), na mahali pake hasa ni mlima wa Uhud.

1. MSINGI WA SHURA

Katika Qur'ani kuna sura nzima yenye jina la Ash-Shura, nayo ni sura ya 42. Ukifungua aya yake ya 38 utaona Mwenyezi Mungu (s.w.) anawasifu waumini kwa sifa zinazofuatana: wanamuitika Mola wao, wanasimamisha Swala, mambo yao ni ya kushauriana wao kwa wao, na wanatoa katika vile alivyowaruzuku. Tazama shura imewekwa wapi. Imewekwa katikati, baina ya Swala na kutoa mali. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mkutano ni jambo la dunia tu. Na sura hii iliteremka Makka, wakati Waislamu walikuwa wachache wanaoteswa, hawana mji wala jeshi wala sanduku. Hata kikundi kidogo kinahitaji shura.

Aya ya pili ni ya 159 katika Surat Aal Imran. Hapo Mtume mwenyewe (s.a.w.) anaamrishwa awasamehe watu wake, awaombee maghufira, ashauriane nao katika mambo, kisha akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Aya hiyohiyo inamkumbusha kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu, watu wangemkimbia.

Ukitaka kuijua nguvu ya aya hii, uliza iliteremka lini. Haikuja siku ya ushindi, watu wakiwa wanacheka. Iliteremka baada ya Uhud, wakati makaburi bado ni mapya.

2. SIKU YA UHUD

Ilikuwa mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 wa Hijra, yaani mwaka 625 wa kizungu. Makuraishi walikuja kutoka Makka, watu kama 3,000, kulipiza kisasi cha Badr. Mtume (s.a.w.) akawaita watu wa Madina akawauliza: tubaki ndani ya mji tupigane nao katika njia zetu, au tutoke tukutane nao nje?

Rai yake yeye mwenyewe ilikuwa kubaki. Wazee wengi waliona vilevile. Lakini vijana, hasa wale ambao hawakupata kuwa Badr, walitaka kutoka. Wao ndio walikuwa wengi, na moto wao ulikuwa mkubwa. Mtume akaifuata rai yao, akaingia nyumbani kuvaa nguo za chuma.

Alipokuwa ndani, watu wakaanza kujuta. Wakasema tumemlazimisha Mtume wa Mwenyezi Mungu. Alipotoka wakamwambia kama anapenda kubaki, abaki. Akakataa. Akawafahamisha kwamba nabii akishavaa vazi la vita hafai kulivua mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu baina yake na adui.

Wakatoka watu kama 1,000. Njiani Abdullah bin Ubayy akarudi na watu kama 300, akilalamika kwamba wamesikilizwa vijana na yeye hakusikilizwa. Wakabaki kama 700. Pale mlimani Mtume aliweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamrisha wasiondoke mahali pao, wawaone wenzao wanashinda au wanashindwa, mpaka yeye atume mtu.

Mwanzo Waislamu walishinda na Makuraishi wakakimbia. Wapiga mishale wakaona ngawira imetapakaa chini, wengi wao wakashuka. Kiongozi wao akawakumbusha amri, hawakusikia. Khalid bin Walid, ambaye siku hiyo bado hajasilimu, akazunguka na farasi wake kwa nyuma. Waislamu kama 70 wakafa mashahidi, na mmoja wao alikuwa Hamza (r.a.), ami yake Mtume.

Ndugu yangu, simama hapa kidogo uhesabu mafunzo. Mimi ninaona manne.

Funzo la kwanza: mkubwa kuifuata rai ya wengi haikumpunguzia heshima. Mtume (s.a.w.) alikuwa anapokea wahyi, na juu ya hivyo, katika jambo ambalo wahyi haukuteremka, aliuliza na akafuata. Wewe prezida wa komite na mimi imamu, ni nani kati yetu anayejiona mkubwa kuliko kuuliza?

Funzo la pili: shauri likishakatwa, halifunguliwi mlangoni. Wale vijana walijuta kwa heshima na mapenzi, lakini watu wamekwisha kujitayarisha. Kama kila mmoja anaweza kubadili shauri njiani, basi hakuna shauri. Kuna mikutano yetu inayokwisha saa sita, na saa saba watu watatu chini ya mwembe wamekwisha kata shauri lingine. Huo ni ugonjwa.

Funzo la tatu, nalo linatisha: rai ya Abdullah bin Ubayy ilikuwa ileile ya Mtume. Wote wawili waliona afadhali kubaki Madina. Basi tofauti yao ni nini? Mmoja, rai yake ilipoachwa, alivaa chuma akatangulia mbele ya watu. Mwingine, rai yake ilipoachwa, alichukua watu wake akarudi nyumbani. Kwa hiyo usijisifu kwamba rai yako ilikuwa nzuri. Utaulizwa ulifanya nini baada ya rai yako kukataliwa.

Funzo la nne: hasara haikutoka katika shauri la kutoka nje. Walitoka, na wakashinda mwanzoni. Hasara ilikuja pale waliopewa kazi walipoacha mahali pao. Aya ya 152 ya Aal Imran inaonyesha jambo hilo: walilegea, wakagombana juu ya amri, wakaasi baada ya kuonyeshwa wanachokipenda. Basi kabla ya kusema "mkutano ulikosea", uliza kwanza: shauri lilikuwa baya, au shauri lilikuwa zuri na aliyetumwa hakulifuata?

Rudi sasa kwa kile kiwanja chetu. Pengine mkutano ulisema wazi: msilipe kabla ya kwenda kadastre, kabla ya kuuliza majirani na chefu wa avenyu. Na aliyetumwa akaogopa mtu mwingine atakitangulia, akalipa usiku. Hapo kosa si la shura. Ni kosa la kushuka kilimani. Lakini pengine mkutano wenyewe haukutaja kadastre wala majirani, ulipiga makofi tu. Hapo kosa ni la namna tulivyokaa, na dawa yake ni kukaa vizuri zaidi mara nyingine. Katika hali zote mbili, dawa si kuacha kukaa.

Na Mtume (s.a.w.) hakuacha. Mwaka wa 5 wa Hijra (627) makabila yalikuja watu kama 10,000. Akashauriana tena. Salman Al-Farisi (r.a.), mgeni kutoka Uajemi, mtu aliyekuwa mtumwa, akatoa rai ya kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea vitani. Rai yake ikafuatwa na Madina ikaokoka. Kama shura ingekufa Uhud, handaki lisingechimbwa.

3. KABLA YA MKUTANO: JAMBO GANI, NA WATU GANI?

Si kila jambo linaletwa mkutanoni. Katika vita hivyo vya handaki, Mtume (s.a.w.) alifikiri kuwapa watu wa Ghatafan theluthi moja ya tende za Madina ili waondoke. Akawaita Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (r.a.), wakubwa wa Ansari, wenye mashamba hayo. Kabla ya kujibu waliuliza: je, hii ni amri ya Mwenyezi Mungu, tufuate, au ni jambo unalotufanyia sisi kwa kutuhurumia? Alipowaambia ni kwa ajili yao, wakakataa kutoa hata tende moja kwa namna hiyo, naye akaiacha rai yake.

Hapa tunapata vipimo viwili. Cha kwanza: jambo lililokwisha amriwa na Mwenyezi Mungu na Mtume wake halipigiwi kura. Komite haikutani kuamua kama mirathi ya mjane itolewe au la. Itolewe! Komite inaweza kukutana kuangalia namna ya kumfikishia upesi. Cha pili: mali ni ya nani? Tende zilikuwa za Ansari, wakaulizwa Ansari. Kama akina mama ndio wanaochota maji ya msikiti na kupika siku ya Maulidi, basi usikate shauri la maji na la Maulidi bila akina mama.

Tena angalia siku ya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624). Mtume aliwauliza watu kama waende vitani. Abu Bakr, Umar na Miqdad (r.a.) wakasema maneno mazuri ya kukubali. Mtume akaendelea kuuliza. Kwa nini, na amekwisha jibiwa? Kwa sababu wote watatu walikuwa Muhajirina. Ansari walikuwa wengi zaidi, na ahadi yao ilikuwa kumlinda ndani ya Madina, si nje. Yeye alitaka kusikia vinywa vyao. Saad bin Muadh akafahamu, akasimama akakubali kwa niaba yao. Hapo ndipo walipokwenda.

Kwetu mara nyingi wazungumzaji ni walewale watatu wa safu ya mbele. Wakimaliza, tunaomba dua tunakwenda. Baadaye tunashangaa vijana hawakuja salongo. Lakini ni nani aliyewauliza vijana? Kunyamaza kwa mtu kuna sababu nyingi: haya, hofu, hasira, njaa. Usikuhesabu kuwa kukubali. Mgeukie, mwite kwa jina lake, umwambie: wewe ndiye utakayebeba mawe, unasema nini?

4. NDANI YA MKUTANO: MFANO WA UMAR NJIANI KWENDA SHAMU

Mwaka wa 18 wa Hijra (639) Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa anakwenda Shamu. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Angalia alivyofanya mkutano wake. Kwanza aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakahitilafiana. Akawaambia waondoke. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaondoa. Kisha akawaita wazee wa Kikuraishi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka. Hao wakasema neno moja: warudi, wasiwapeleke watu kwenye tauni. Umar akatangaza kwamba asubuhi wanarudi.

Abu Ubayda (r.a.), mkubwa wa jeshi la Shamu, akauliza: je, tunaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu? Umar hakumkaripia. Akamjibu kwamba wanatoka katika qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika qadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kokote atakapowachunga, ni kwa qadari. Baadaye akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwepo kwa haja zake. Yeye ndiye aliyekuwa na elimu ya jambo hilo, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu.

Hapa kuna kazi nne za anayeongoza mkutano. Anawasikiliza watu kwa mafungu, ili wadogo wasimezwe na wakubwa. Hachoki wakihitilafiana. Anayepinga anapewa jibu na mfano, hafukuzwi. Na anauliza: ni nani hayupo hapa, ambaye analijua jambo hili kuliko sisi?

Jambo hili si hadithi ya mbali kwetu. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu 3,470 wakaugua na 2,287 wakafa. Swali la kumuosha maiti lilikuwa zito kwa Waislamu, maana kugusa mwili wa aliyekufa kwa Ebola kunaambukiza. Swali kama hilo huwezi kulikata kwa sauti ya mtu mmoja. Unamhitaji mwanachuoni anayejua ruhusa za dharura, unamhitaji muuguzi anayejua ugonjwa, na unaihitaji familia yenye maiti. Mmoja akikosekana, ama dini itaumizwa, ama watu watakufa, ama familia itazika usiku kwa kujificha.

Na usimsahau mwanamke. Mwaka wa 6 wa Hijra (628), baada ya mkataba wa Hudaybiya, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha Maswahaba wachinje na wanyoe, na kwa huzuni yao hakusimama hata mmoja. Akaingia kwa mkewe Umm Salama (r.a.) akamweleza. Mama huyo akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo. Watu walipomwona wakasimama wote wakachinja. Shauri lililotatua jambo zito la siku ile lilitoka hemani, kinywani mwa mwanamke. Basi komite isiyosikia sauti ya mama hata moja kwa mwaka mzima ijiulize inamfuata nani.

5. ANAYEONGOZA ASIWE MWENYE TAMAA

Umar (r.a.) alipochomwa kisu, mwaka wa 23 wa Hijra (644), aliacha jambo la ukhalifa mikononi mwa watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubayr, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Awf (r.a.). Akawapa siku tatu. Mwanawe Abdullah akamruhusu ahudhurie, lakini asiwe na haki ya kuchaguliwa. Kisha Abdurrahman akajitoa mwenyewe katika kutaka cheo, na kwa sababu amejitoa, wenzake wakamwachia kazi ya kuuliza. Akazunguka Madina akiwauliza watu, mpaka likapatikana jina la Uthman.

Chukua mambo mawili. Mkutano wa uchaguzi uongozwe na mtu asiyegombea. Na kila jambo liwe na siku yake ya mwisho. Shauri lisilo na mwisho huota majani kama njia isiyopitwa.

6. TUFANYE NAMNA GANI SISI?

Ndugu msomaji, haya ni maongozi mafupi. Komite ikiyafuata kwa miezi mitatu itaona mabadiliko inshaallah.

Kwanza, sekretere aandike mambo ya kuzungumzwa na ayatangaze siku tatu kabla. Yasizidi matatu. Mtu akija bila kujua anaitiwa nini, ataleta hasira zake badala ya rai yake.

Pili, anzeni kwa kusoma kitabu cha mkutano uliopita. Lililofanyika litajwe, lisilofanyika litajwe na sababu yake. Bila hivyo mtazungumza jambo moja miaka mitatu.

Tatu, lielezeni tatizo kabla ya kutaja dawa. Tuseme paa la msikiti linavuja na mvua ya mwezi wa tisa inakaribia. Msianze kugombania mabati mapya au ya zamani. Mtumeni kwanza fundi apande juu, aone ni mabati yaliyooza au ni misumari iliyolegea. Huenda mnatafuta makuta ya mabati thelathini na kumbe mnahitaji kilo mbili za misumari.

Nne, mkubwa aseme mwisho. Imamu akitoa rai yake kwanza, nani atampinga? Wengi wataona haya. Acha vijana waanze, kisha watu wazima, kisha wazee wafunge. Ndiyo maana wakasema penye wazee hapaharibiki neno: mzee anasikia kwanza.

Tano, msinong'onezane. Mtume (s.a.w.) alikataza watu wawili kunong'ona wakimwacha wa tatu, kwa kuwa kunamhuzunisha. Simu mkononi mkutanoni, ujumbe wa siri kwa aliyekaa upande wa pili, ni kunong'ona kulekule.

Sita, semeni juu ya jambo, msiseme juu ya mtu. "Hesabu hii haikutimia, tuitazame pamoja" ni neno la mkutano. "Wewe tangu zamani ni mwizi" ni neno la kuvunja msikiti. Mwenye mashtaka alete ushahidi mbele ya wazee, si katikati ya watu mia.

Saba, kabla ya dua sekretere asome kila shauri kwa sauti: nini kitafanyika, nani atakifanya, kwa makuta gani, na mwisho wake siku gani. Shauri lisilo na jina la mtu ni kilima kisichowekwa mlinzi.

Nane, mkimaliza, someni dua ya kufunga kikao ambayo Mtume alitufundisha, kisha kila mtu atoke akilibeba shauri, hata yule ambaye rai yake haikufuatwa. Na shauri likileta hasara, msihukumiane njiani. Rudini mkae, muulizane lile swali la Uhud: lilikuwa baya shauri, au tulishuka kilimani?

7. HITIMISHO

Ndugu zangu katika imani, kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vikikutana vitagongana mara nyingine, na kugongana si dhambi. Mwenyezi Mungu alijua yaliyotokea Uhud, na baada yake akamwamrisha Mtume wake awasamehe watu walewale na ashauriane nao tena. Hakumwambia atafute watu wengine. Basi wewe unayenuna nyumbani tangu mkutano wa mwaka jana, watu wako ni haohao. Samehe, waombee, urudi mkekani.

MASWALI YA KUJIBIANA NYUMBANI AU MADRASA

1. Aya ya 159 ya Aal Imran inataja mambo manne kwa kufuatana. Yataje. Kwa nini msamaha umetangulia shura?
2. Mtume (s.a.w.) na Abdullah bin Ubayy walikuwa na rai moja siku ya Uhud. Walitofautiana wapi?
3. Katika kikundi chenu, ni nani huwa hasemi mkutanoni, naye ndiye anayebeba kazi?
4. Taja shauri moja la kikundi chenu ambalo halikutimia. Lilikosa nini: mtu, makuta, siku, au kukubaliana?

Ewe Mola wetu, unganisha nyoyo zetu, uongoze mashauri yetu, utuondolee kiburi kwa mwenye kusema na uvivu kwa mwenye kutumwa. Warehemu mashahidi wa Uhud na wazee wetu waliotutangulia. Ipe nchi yetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu na majina ya sura za Qur'ani. Usiitupe chini wala usiifungie karanga. Usiisome wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Ukimaliza kuisoma, mpe ndugu yako ambaye hakuipata.